Mlevi na Mwenzake: Habari za Vyama vya Kuacha Pombe



Leo sikusudii kuwaeleza ubaya wa ulevi, maana habari hiyo mmekwisha kuisikia msikitini, kanisani na shuleni, na wengine mmeiona kwa macho yenu nyumbani. Nataka kusema juu ya mtu mmoja tu, naye ni yule ajuaye ya kuwa pombe inamharibu, ambaye ameapa kuiacha, akaiacha siku tatu au juma zima, kisha akarudi. Mtu huyu hana haja ya kuambiwa tena ya kuwa pombe ni mbaya. Ayajua hayo kuliko sisi. Analouliza ni hili: Nifanye nini ili niweze?

Jawabu liko, nalo limejaribiwa katika nchi nyingi. Na amtafute mlevi mwenzake aliyekwisha kuacha, au anayetaka kuacha kama yeye, wakae pamoja mara kwa mara, waambiane kweli. Nitaeleza asili ya jambo hili, jinsi lifanyavyo kazi, na jinsi mtu wa Usagara ya Misungwi, penye njia panda ya Shinyanga na Geita, au mtu wa mwalo wo wote wa Ziwa Viktoria, awezavyo kulipata.

MNYWAJI NA MTUMWA WA POMBE

Si kila anywaye pombe ni mtumwa wake. Lakini kileo, kiwe katika pombe ya mtama, bia au gongo, kina tabia moja: huingia katika damu na kufika katika ubongo. Ubongo ukikutana nacho kila siku huzoea, ukajitengeneza upya kwa ajili yake. Hapo kipimo cha zamani hakimtoshi tena mnywaji, naye huongeza. Akikosa, mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea. Sasa hanywi kwa kutaka furaha. Anywa ili aondoe taabu iliyoletwa na pombe yenyewe. Madaktari huuita utumwa huu uraibu, nao huuhesabu kuwa ugonjwa.

Ugonjwa huu hauko kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa habari mwaka 2024 ya kuwa katika mwaka 2019 watu wapatao 2,600,000 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya pombe, na ya kuwa watu 209,000,000 walikuwa watumwa wake kabisa. Basi mlevi wa kijijini asijione kuwa kioja, wala jamaa zake wasidhani ya kuwa wamerogwa.

Mtu atajijuaje? Daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alichapisha mwaka 1984 maswali manne ambayo madaktari huyatumia hata leo. Mwenye kutaka na ajiulize akiwa peke yake:

Kwanza, je, nimepata kuona ya kuwa yanipasa kupunguza kunywa?

Pili, je, watu wameniudhi kwa kunilaumu juu ya pombe?

Tatu, je, nimepata kujiona mwenye hatia kwa ajili ya kunywa kwangu?

Nne, je, nimepata kunywa asubuhi mara niamkapo, ili mikono itulie au uchovu wa jana uondoke?

Aliyejibu ndiyo mara mbili au zaidi ana sababu ya kumwendea daktari na kuzungumza naye.

KWA NINI MTU PEKE YAKE HUSHINDWA

Watu wengi husema, Mlevi hana nia, angetaka angeacha. Maneno haya si ya haki. Fikirini jinsi pombe inavyokaa katika maisha yetu. Katika Usukuma, tangu zamani, vijana walikuwa na vyama vya kulima pamoja chini ya kiongozi waliyemwita nsumba ntale. Shamba ambalo mtu mmoja angelilima kwa majuma mengi, chama kililimaliza kwa muda mfupi, huku wakiimba. Na katika kazi nyingi za namna hiyo, baada ya jembe ilikuja nyama, na pamoja na nyama ilikuja pombe. Vivyo hivyo arusini, msibani na katika ngoma. Basi mtu anapoacha pombe haachi kinywaji tu. Aacha na watu. Aacha benchi alilokaa miaka kumi, na mizaha, na wale wanaomjua kwa jina la utani. Jioni ikifika hana pa kwenda, na upweke ule humrudisha kilabuni.

Tazameni pia kazi ya ziwani. Mvuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake huishinda taa, na kazi husimama. Siku zile ni za kupumzika na kushona nyavu, na fedha ya mauzo iko mfukoni. Mvuvi aliyeapa kuacha pombe akikaa peke yake mwaloni siku hizo, wenzake wote wamekwenda kunywa, atashindana na nini? Atashindana na kiu, na fedha, na uvivu wa mchana mrefu, vyote kwa pamoja.

Kuna jambo la pili. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu asiyepata kuwa mtumwa wa pombe, hata akiwa mwema namna gani, humshauri mlevi kwa maneno ya nje. Mlevi humsikiliza kwa heshima, na moyoni husema, Huyu hajui. Lakini akija mtu aliyelala kitanda kile kile, akasema, Hata mimi nilificha chupa darini, hata mimi niliuza jembe la mke wangu, mlevi huinua kichwa.

WATU WAWILI WA AKRON

Mambo haya yalijulikana wazi katika mji wa Akron, huko Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson alikuwa mfanya biashara ya hisa mjini New York. Pombe ilikuwa imemharibia kazi yake, naye alikuwa ameiacha tangu Desemba 1934. Mwezi Mei alikwenda Akron kwa shughuli, na shughuli ile ikavunjika. Akabaki hotelini, mgeni, hana fedha nyingi, hana rafiki, na karibu naye palikuwa na chumba cha pombe chenye watu na kicheko.

Alihofu. Lakini alikumbuka ya kuwa katika miezi ile iliyopita, kila alipokwenda kuzungumza na mlevi mwingine, hata kama mlevi yule hakuacha, yeye mwenyewe hakunywa. Basi akaenda penye simu, akawapigia watu wa kanisa asiowajua, akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutanishwa na Robert Smith, daktari wa kupasua, ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa pombe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Mei. Daktari alikubali kumsikiliza dakika 15 tu; wakazungumza saa nyingi mpaka usiku. Alikuwa amekwisha kushauriwa na watu wengi, lakini hajapata kukutana na mtu aliyemweleza hali yake kwa sababu ameipitia mwenyewe.

Daktari Smith alianguka mara moja tena, kisha akanywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama chao. Hawakukaa wakifurahi, mwezi ule ule walikwenda hospitali kumtafuta mtu wa tatu, wakampata. Mwaka 1939 walitoa kitabu chenye hatua kumi na mbili, na chama kikaitwa Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Smith alikufa mwaka 1950, na Wilson mwaka 1971. Hakuna hata mmoja wao aliyerudia pombe.

Angalieni neno lililo kubwa katika habari hii. Wilson hakumtafuta daktari yule kwa huruma peke yake. Alimtafuta ili yeye mwenyewe aokoke jioni ile. Aliyesaidia alisaidiwa. Kwa hiyo katika vyama hivi hapana mwenye kutoa sadaka na mwenye kuipokea; kila mtu ahitaji mwenzake.

JINSI WANAVYOKUTANA

Mkutano wao ni jambo rahisi. Watu hukaa chumbani, labda watano, labda thelathini. Mmoja huongoza, na uongozi hupokezanwa. Anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza, akakiri ya kuwa pombe imemshinda, akaeleza alivyokuwa, lililotokea, na alivyo sasa. Wengine husikiliza, hawamkatizi wala hawamhukumu. Asiyetaka kusema hanyamazishwi wala halazimishwi. Baada ya hayo hunywa chai, wakaagana.

Mashariti yao ni machache. Anayetaka kuingia haulizwi dini, kabila, elimu wala mali. Sharti moja tu ni kutaka kuacha pombe. Hapana ada, kila mmoja hutoa kidogo apendavyo kwa kulipia chumba na chai, na chama hakipokei fedha za watu wa nje. Linalosemwa ndani halitoki nje. Hatua zao humtaja Mungu, lakini kila mtu humwelewa kwa imani yake. Mtu mpya humchagua mmoja wa wazee wa chama awe mwenzi wake, ambaye aweza kumwendea saa yo yote tamaa inapomjia. Tena hawaapi kuacha pombe milele, maana neno milele huvunja moyo. Husema, Leo sinywi. Kesho nitaisema kesho.

JE, JAMBO HILI LAFAA KWELI?

Wataalamu wamelipima. Mwaka 2020 walichapisha hesabu iliyokusanya uchunguzi 27 wenye watu zaidi ya 10,000. Waliona ya kuwa njia ya chama hiki, pamoja na mafundisho ya kuwatia watu chamani, ilishinda matibabu mengine katika kuwafanya watu wasinywe kabisa kwa muda mrefu, nayo hupunguza gharama.

Karibu na kwetu, huko Eldoret, Kenya, walijaribiwa wanywaji 614 waliokuwa wakitibiwa virusi vya UKIMWI, na habari zake zilichapishwa mwaka 2021. Walikutana katika vikundi vidogo kwa majuma sita. Walioongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi ile. Vikundi vilivyofundishwa jinsi ya kushinda tamaa vilipunguza siku zao za kunywa kuliko vile vilivyofundishwa habari za afya tu. Basi hatuwezi kusema ya kuwa ni mambo ya Wazungu.

Wala si mambo mapya pande za ziwa letu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini katika Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Baada ya hapo uamsho wa Balokole ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, na upande wa Bukoba pia. Watu wale walikutana kila juma, wakaungama mbele ya wenzao, na ulevi ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyaungama na kuyaacha. Huko Unguja nako, tangu mwaka 2009, zimefunguliwa nyumba za kukaa watu wanaoacha madawa ya kulevya na pombe. Wengi wanaoziongoza ni watu waliopita njia hiyo hiyo wenyewe. Wanafuata hatua zile kumi na mbili, nao ni Waislamu wasioacha sala zao.

JINSI YA KUPATA CHAMA, AU KUKIANZA

Mikutano ya walevi wasiotajwa majina hufanyika Nairobi na Dar es Salaam, na mwenye kusafiri aweza kuiulizia. Aliye upande wa Mwanza na aanze kwa kuuliza mahali panne: zahanati iliyo karibu naye, hospitali kubwa, yaani Bugando au Sekou Toure, kwa madaktari wa magonjwa ya akili, afisa ustawi wa jamii, na kiongozi wa dini anayemwamini. Aseme wazi, Nataka kukutana na watu walioacha pombe. Hata kama hawajui chama, hawatakosa kumjua mtu mmoja aliyeacha. Na mmoja watosha, maana huko Akron walianza wawili.

Wawili hao wakikubaliana, na wafuate mambo haya.

Wachague mahali mbali na kilabu, ambapo mtu aweza kuingia bila kutazamwa: chumba cha shule baada ya masomo, ua wa mmoja wao, au kivuli cha mti shambani.

Waweke siku na saa isiyobadilika. Mwaloni wakutane zaidi siku za mwezi mpevu, hata kila siku, kwa kuwa hizo ndizo siku za hatari.

Wasikopeshane fedha mkutanoni, wala wasikifanye chama cha kuweka akiba. Deni likiingia, anayedaiwa hatakuja tena.

Wanawake wakipenda, wakutane peke yao. Mwanamke mlevi huchekwa maradufu, naye hujificha maradufu. Mbele ya wanaume hatasema.

Kila mtu awe na mwenzi aliye karibu naye kwa miguu. Tamaa ya pombe huja kama wimbi. Mtu akishikwa mkono mpaka lipite, hupita.

Mtu atasema, Kijijini petu watu wote wajuana, siri itakaaje? Ni kweli, haitawezekana kuficha ya kuwa fulani huenda mkutanoni. Lakini ulevi wake nao haukufichika; watu walimwona amelala njiani. Kinachowezekana kulindwa ni maneno aliyoyasema, na hayo yalindwe sana. Anayeyatoa nje aonywe, na akirudia asikaribishwe tena, maana ataua chama kizima.

ONYO LA HATARI

Sasa sikilizeni sana. Mtu anywaye sana kila siku kwa muda mrefu asikate pombe ghafula peke yake nyumbani. Mwili uliozoea kileo ukinyimwa mara moja waweza kupata msukosuko mkubwa. Katika siku mbili za kwanza aweza kushikwa na kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne aweza kuwa na homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Watu husema ni mashetani, wakamfunga kamba. Nao wangempeleka hospitali angepona. Kwa hiyo aende kwa daktari kwanza, aseme kweli kiasi anachokunywa. Ziko dawa za kuutuliza mwili kwa siku chache zile, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Hospitali huutoa mwili katika pombe. Chama humsaidia mtu asirudi. Kimoja hakishiki mahali pa kingine.

JAMAA, NA ALIYEANGUKA

Jamaa nao huumia. Mke huficha fedha, watoto hukosa daftari, mama mzee hungoja usiku kucha asikie kama mlango umefunguliwa. Mwaka 1951 Lois Wilson, mkewe Bill, pamoja na wanawake wenzake, walianza chama cha jamaa za walevi kiitwacho Al-Anon. Hapo hujifunza ya kuwa si wao waliouleta ulevi, wala hawawezi kuuondoa kwa kelele au kwa machozi. Lakini waweza kuacha kumlipia madeni ya kilabuni na kumsemea uongo kwa bwana wake wa kazi, na waweza kupumzisha mioyo yao wenyewe. Wake wa wavuvi wawili au watatu waweza kukutana vivyo hivyo, hata kama waume zao bado wanakunywa.

Na aliyeanguka? Wengi huanguka. Daktari Smith mwenyewe alianguka baada ya kukutana na Wilson. Mtu akianguka, chama kimtume mwenzi wake kesho yake asubuhi, si kumwuliza kwa nini, bali kumwambia mkutano ni lini. Siku alizokaa bila pombe hazikupotea; amejifunza mahali alipoteleza. Akicheka mtu, na akumbuke ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndugu zangu, huenda katika ninyi mnaosikia yuko aliyejibu maswali yale manne kimya kimya, akaona ya kuwa majibu ni ndiyo. Nakuambia wewe: usingoje serikali ilete nyumba kubwa, wala usingoje nia yako iwe na nguvu. Katika kijiji chako yuko mtu aliyeacha pombe. Unamjua, maana siku zile mlikunywa pamoja, na sasa hupita kilabuni bila kugeuka. Nenda kwake leo kabla ya jua kuchwa. Usiogope kumsumbua, kwani naye akikusaidia hujilinda mwenyewe. Mwambie neno moja tu: Ulifanyaje? Kisha ukae, umsikilize.

Kwa herini.